Kumwombea Mtu Mwema

Katika misiba yetu hakuna mtu mbaya anayezikwa. Nimewahi kukaa chini ya turubai nikasikiliza wasifu wa mtu aliyeng'oa mabati ya nyumba ya mama yake akayauza apate ya pombe, na msomaji akatuambia marehemu alikuwa mcheshi na mtu wa watu. Sina ugomvi na adabu hiyo. Anayeanika mabaya ya maiti mbele ya jeneza mara nyingi anajitafutia jina. Ugomvi wangu ni mwingine, na ulianza mwaka juzi tulipomvusha Bibi kwa meli kutoka Mwanza hadi Nansio, kwenda kumzika kwao Ukerewe.

Binamu yangu ndiye aliyesoma wasifu. Marehemu alizaliwa mwaka 1941. Alisomea uuguzi na ukunga. Alilitumikia taifa hadi alipostaafu mwaka 2001. Ameacha watoto, wajukuu na vitukuu. Alikuwa mcha Mungu, mpole, mlezi wa wengi. Sisi tulimpenda lakini Mungu kampenda zaidi. Ukiondoa hilo la upole, hakukuwa na uongo. Watu wakaguna kwa kukubali. Halafu padre akasogea kaburini na maji ya baraka, akaanza kumsihi Mungu amwondolee huyo huyo marehemu dhambi zake na amsafishe makosa yake.

Nikajiuliza: hawa wawili wanamzika mtu mmoja? Kama anazikwa yule wa kwenye karatasi, dhambi zipi? Na kama anazikwa yule wa kwenye sala, mbona saa nzima hakuna aliyemgusia?

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na kila mwisho wa muhula naandika ripoti. Najua jinsi ya kuandika "ana bidii" kwa mtoto ambaye sijamtazama usoni tangu Januari. Wasifu wa marehemu ni ripoti ya namna hiyo: haimdhulumu mtu, ila haimwoni. Tangu siku ile nimekuwa nikitafuta ni kumbukumbu gani inayoweza kumwona mtu mwema mzima mzima, na kama kweli tunamheshimu tunapomwombea msamaha badala ya kumsifu.

Kirumba, mtaa wetu hapa Mwanza, Bibi walimwita Sista, hata watoto waliozaliwa yeye akiwa ameshastaafu. Alikuwa mfupi, mwenye viganja vipana, kucha amezikata hadi nyamani, na kwenye sare alibana saa ndogo kifuani, imening'inia kichwa chini ili aisome yeye mwenyewe. Hata alipokuwa nyumbani na kanga zake, ukimuuliza saa ngapi alishusha kidevu kwanza kutazama kifua, ndipo akakumbuka kuna saa ya ukutani. Nyumba yetu iko kati ya majabali mawili, kama nyumba nyingi za mlimani huku kwetu, na chini yake unaona soko la samaki la Mwaloni, mitumbwi na magunia ya dagaa. Upepo ukigeuka, harufu ya dagaa hupanda hadi chumbani. Bibi aliipiga vita kwa Dettol maisha yake yote, na hakushinda.

Alizaliwa upande wa Kagunguli, anakotoka pia Aniceti Kitereza, yule msomi wa seminari ya Rubya aliyemaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe riwaya ndefu ya mume na mke wanaohangaika kupata mtoto. Riwaya hiyo ilichapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980, na mwaka uliofuata mwandishi akafariki. Bibi alikuwa na nakala iliyolegea jalada. Alizipenda kurasa za waganga na dawa za uzazi, akizisoma kwa kicheko cha mtu wa fani. "Wazee walijua mengi," alikuwa akisema, "ila kunawa mikono hawakujua."

Alisomea kazi yake kwa masista, miaka ya mwanzo ya uhuru. Serikali ikampeleka zahanati za vijijini. Wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, mwaka 1973, alizunguka na redio ya mkulima akikusanya watu wasikilize kipindi, kisha akibaki nao hadi shimo la choo lichimbwe mbele ya macho yake, kwa sababu, kwa maneno yake, redio haina macho. Baadaye akaletwa mjini, wodi ya wazazi katika hospitali moja ya hapa Mwanza, na huko ndiko alikofanyia kazi hadi mwisho. Alitoka kwenye sindano za kioo zilizochemshwa kwenye sterilaiza akaingia kwenye sindano za kutumia mara moja. Alisikiliza mapigo ya watoto tumboni kwa kipembe cha mbao, sikio lake likiwa limebanwa kwenye tumbo la mama na mkono mmoja umeinuliwa kunyamazisha wodi. Aliona glovu zinafuliwa, zinaanikwa, zinapakwa poda na kuvaliwa tena. Na ni miaka hiyo hiyo ya glovu za kufuliwa ndipo ulipokuja ule ugonjwa.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Kule waliuita Juliana, jina la mashati yaliyokuwa yanavushwa kwa magendo kutoka Uganda. Haukukawia kushuka huku kwetu. Mama yangu alifariki mwaka 1991, na dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Miaka kumi na mitatu kati ya tarehe hizo mbili Bibi hakuizungumzia kamwe, ila kila alipopita kwenye foleni ya watu waliokuja kuchukua dawa alikuwa akisimama kidogo na kuwatazama, kama mtu anayehesabu.

Mama alifia nyumbani, nasi watoto tukatolewa nje ya chumba. Kulikuwa na pazia tu, si mlango, kwa hiyo nilisikia. Kwanza maji yakimiminwa kwenye beseni. Kisha sauti ya Bibi, si ya kulia, sauti ile ile ya kazini: "Nakugeuza sasa, mwanangu. Maji ni ya uvuguvugu. Inua mkono. Basi, nitakuinulia mwenyewe." Alimweleza kila kitu kabla ya kukifanya. Alimwambia anamfumba macho. Alimwambia anamfunga taya kwa bendeji na kwamba haitaumiza. Alimwambia anafunga vidole gumba vya miguu pamoja, na sababu yake, ili miguu isiachane. Alipotoka alikuwa amekunja taulo lililolowa vizuri kabisa, pembe kwa pembe.

Nilidhani ni uchungu wa mzazi. Miaka ilipopita, wauguzi vijana waliofundishwa naye waliniambia ndivyo alivyofanya kwa kila maiti wodini, na ndivyo alivyowalazimisha wao kufanya. Mama aliyefariki kwenye uzazi aliitwa kwa jina lake, akaelezwa, akageuzwa taratibu, akasafishwa damu yote kabla ndugu hawajaruhusiwa kuingia. Mwanafunzi aliyegeuza maiti kimyakimya aliambiwa arudie salamu.

Siku moja nikamuuliza alikuwa anaongea na nani.

"Na mgonjwa."

"Lakini Bibi, si ameshakufa?"

"Zamu yangu ilikuwa haijaisha."

Nimelizungusha jibu hilo kichwani kuliko mahubiri yoyote niliyosikia. Mtu atasema ni mazoea tu, mdomo umezoea kuongea na wagonjwa hauwezi kunyamaza ghafla. Inawezekana. Lakini mazoea hayamrudishi mwanafunzi mlangoni akasalimie maiti.

Wazee wetu wa ziwani wasingeshangaa. Wasukuma huzungumza na masamva, yaani wahenga wao waliokufa, huwapa majina yao wajukuu, huwalalamikia mambo yakienda kombo. Mchungaji na mwanafalsafa wa Kenya, John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alijaribu kuyapanga mambo haya. Alisema marehemu anaendelea kuwa hai kwa namna fulani maadamu yupo mtu anayemkumbuka kwa jina, aliyemjua kwa sura; huyo wa mwisho akifa, marehemu anazama katika kina cha wakati uliopita, anakuwa mmoja wa mizimu isiyo na jina. Watu wengi hulipenda wazo hili kwa sababu linatupa sisi wajukuu kazi ya heshima: tukumbuke, naye aendelee kuwapo.

Mimi linanisumbua, na linanisumbua kwa sababu ya kazi ya Bibi. Watu waliopita mikononi mwake kwanza ni wachanga, na hakuna mchanga anayemkumbuka aliyempokea. Waliopita mwisho ni maiti. Katikati ni wanawake waliokuwa na uchungu kiasi cha kutomtambua hata mume wao. Maisha yake yote aliwatumikia watu walio katika hali ya kutoweza kumkumbuka. Ikiwa kinachomshikilia marehemu ni idadi ya vichwa vinavyolijua jina lake, basi mwenye ng'ombe wengi na ukoo mpana amewekewa akiba kubwa kuliko mkunga, na mbinguni kumepangwa kama huku duniani.

Tena jina lenyewe ni kitu cha ajabu. Mwaka 1976, Ebola ilipotokea kwa mara ya kwanza katika nchi ambayo sasa ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, muuguzi kijana wa Kinshasa, Mayinga N'Seka, aliambukizwa na mtawa aliyekuwa akimhudumia, akafariki mwezi wa Oktoba. Kirusi kilichotolewa kwenye damu yake kikapewa jina lake. Hadi leo, watafiti katika maabara za dunia hutamka "Mayinga" kila siku, na wanachokitaja ni kile kilichomuua. Kukumbukwa kwa jina kumefanikiwa kabisa, na yeye mwenyewe hayumo.

Kisha kuna meli. Jumanne, tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipinduka na kuzama ikiwa imekaribia kufika Mwanza. Ilibeba watu kupita uwezo wake, na abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha ya majina. Waliokufa walizidi 800. Miili iliyotolewa ililazwa Uwanja wa Nyamagana ili ndugu waje kutambua, na watu wa afya wa mji huu, walio zamu na wasio zamu, wakawa na kazi wasiyowahi kuifikiria. Nilikuwa msichana wa sekondari. Nakumbuka mji ulivyonyamaza, kelele za Mwaloni zikakatika, nyumba nyingi za Kirumba zikaacha kula samaki kwa miezi. Nakumbuka Bibi anarudi usiku, anavulia viatu mbali na nyumba, juu ya jabali, na kuviacha huko huko. Asubuhi aliondoka na kanda mbili.

Wengi hawakutambuliwa na yeyote. Walizikwa Igoma, mahali ambapo sasa pana mnara wa kumbukumbu na ibada ya kila mwaka.

Ilinichukua muda mrefu kupata ujasiri wa kumuuliza. Yule aliyemwita kila maiti kwa jina, pale uwanjani aliwaitaje wasio na majina? Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho.

"Abiria," akasema. "Niliwaita abiria. Abiria, nakugeuza."

Kwa mujibu wa Mbiti, ikiwa nimemwelewa vizuri, watu wale wa Igoma walizama moja kwa moja, hawakupata hata kizazi kimoja cha kukumbukwa. Siamini hivyo, na Bibi hakutenda kama anayeamini hivyo. Alitenda kama mtu anayejua kuwa jina lipo mahali fulani hata kama yeye hanalo, na kwamba ukosefu wa habari zake yeye haumpunguzii abiria haki ya kuambiwa anageuzwa. Katika misa tunawaombea pia wale ambao imani yao anaijua Mungu peke yake. Zamani niliona ni maneno ya kujaza sala. Siku hizi nikiyasikia nauona uwanja.

Mjomba wangu hanielewi hapa. Yeye alioa kwa watu wa AIC, kanisa lililotokana na wamisionari walioshika kituo cha Nassa mwaka 1909 na kuenea Usukumani kote, naye akahamia huko na kuwa mzee wa kanisa. Ni mtu mwenye akili na hana kelele. Alichangia jeneza, akabeba jeneza, lakini habari ya misa za marehemu hataki kuisikia. Hoja yake ni moja na ni nzito: mtu hufa mara moja, baada ya hapo ni hukumu, basi. Kama mama yake aliokoka, yuko kwa Bwana na hahitaji sadaka zangu. Kama hakuokoka, nitakuwa napoteza hela. Nikamtajia Yuda Makabayo, aliyekusanya fedha akazipeleka Yerusalemu ili waliokufa vitani waombewe. Akacheka. Biblia yake haina kitabu hicho.

"Mwanangu," akaniambia, "unamwombea Mama kana kwamba ana kesi. Unamdhalilisha."

Jirani yetu wa upande wa pili, mzee wa Kiislamu aliyeishi na Bibi ukuta kwa ukuta tangu enzi za Mwalimu Nyerere, alikuja na swali tofauti kabisa. Hakuuliza alikuwa mtu wa namna gani. Aliuliza, "Amefundisha wangapi?" Nikamweleza habari za wauguzi vijana. Akatikisa kichwa polepole, akanieleza mafundisho ambayo nilikuwa nimeyasikia juu juu tu: mja akifa amali zake hukatika, isipokuwa sadaka inayoendelea, elimu inayowanufaisha watu, na mtoto mwema anayemwombea. Kwa hesabu yake, muuguzi yeyote huko Geita au Magu anayemsemesha maiti leo bila kujua desturi hiyo ilitoka kwa nani anaendelea kumwandikia Bibi thawabu. Nilifarijika sana. Nikagundua pia kwamba la tatu kati ya yale matatu lilikuwa linanihusu mimi, na kwamba linadai dua, si hotuba.

Aliyenifungulia fumbo la mazishi ni Augustino, Mwafrika wa Thagaste, huko ambako leo ni Algeria. Mama yake Monika alifariki mwaka 387 Ostia, bandari ya Roma, wakisubiri chombo cha kurudi kwao. Monika alikuwa amejiandalia kaburi kando ya mumewe. Alipoona mauti yamemkuta ugenini akawaambia wanawe wauzike mwili popote, wasijisumbue, ila wamkumbuke altareni. Augustino alimpenda mama huyo kupita kiasi. Amemsimulia katika Maungamo kwa kurasa nyingi za sifa. Lakini katika kurasa hizo hizo anatuambia kuwa Monika alipokuwa msichana mdogo, akitumwa kuchota divai pipani, alianza kwa kuonja tone, akaishia kunywa vikombe, mpaka mjakazi alipomtukana kuwa ni mlevi ndipo akaona haya akaacha. Na alipofika kwenye sala ya kumwombea, Augustino anafanya jambo ambalo binamu yangu na karatasi yake asingethubutu. Anaweka matendo mema ya mama yake kando kwa muda, akiyashukuru, kisha anaziombea dhambi zake. Hadai kwamba hakuna neno baya lililowahi kutoka kinywani mwake. Kisha anawasihi wote watakaosoma wamkumbuke altareni pamoja na mumewe.

Huyo si mtoto anayemdhalilisha mama. Anaweza kusimulia vikombe vya divai kwa sababu anazungumza mbele ya mtu anayeweza kusamehe. Sisi chini ya turubai tunaongea mbele ya majirani, na majirani hawasamehi, wanahesabu. Ndiyo maana tunaficha. Mtu anapotajwa mbele ya mahakama ya mtaa lazima uchague upande, umtetee au umshtaki, na mpenzi wa marehemu atachagua kumtetea hata kwa uongo mdogo wa "mpole".

Bibi hakuwahi kumwambia mfiwa kuwa maiti ni safi. Aliosha. Kulikuwa na damu, kulikuwa na choo, kulikuwa na vitu ambavyo kifo hutoa mwilini bila kumuuliza mwenyewe, na heshima yake kwa marehemu haikuwa kujifanya havipo. Nikitazama sasa, sala ya padre pale kaburini ndiyo iliyofanana na kazi yake, na wasifu ndio uliokuwa mgeni.

Basi niseme la upole. Wanawake waliojifungua katika miji yetu miaka ile wanaijua lugha ya leba. Wanajua kuambiwa, katikati ya uchungu, "Ulipokuwa unaitafuta mbona hukupiga kelele?" Bibi alikuwa mtu wa lugha hiyo. Alikuwa na wanawake wawili kitanda kimoja, wauguzi wachache, usiku mrefu, glovu za kuhesabu, na yote hayo ni kweli, na hayatoshi. Nyumbani pia ulimi wake ulikata. Sisi wajukuu tuliolelewa naye baada ya wazazi wetu kufa hatukuwahi kulala njaa wala kukosa ada, na sikumbuki akimkumbatia hata mmoja wetu.

Siku ya nne baada ya kuzika, tukiwa tumerudi Kirumba na watu bado wanaingia na kutoka, alikuja mama mmoja wa makamo ambaye hakuna aliyemjua. Alikaa mkekani, akapewa chai, akasubiri hadi kelele zipungue. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba Sista alimpiga kofi la paja mwaka 1987, uzazi wake wa kwanza, akiwa na miaka kumi na saba.

"Mtoto alikuwa amekwama. Nilibana miguu. Akanipiga, akaniambia nataka kuua mtoto wa watu."

Shangazi akainuka. "Dada, umekuja msibani kutusimanga?"

"Nimekuja kuhani." Hakupandisha sauti. "Asubuhi aliniletea uji kutoka kwake, kwenye chupa ya chai, kwa vile mimi sikuwa na mtu. Akanishikia kikombe. Kofi sijalisahau na uji sijausahau. Nilitaka kuja akiwa hai, nikawa nasogeza siku. Sasa nimekuja kumwambia yameisha."

Shangazi alibaki amesimama, hajui aketi au atoke. Mimi nilisogea mkekani. Siku zote za msiba ule, katika watu wote waliozungumza, wakiwemo wenye vyeo, huyu alikuwa wa kwanza kumtaja mtu niliyemfahamu. Hakulipunguza kofi kwa ajili ya uji, wala hakuumwaga uji kwa ajili ya kofi. Na alilofanya lilikuwa na uzito ambao sisi wafiwa hatukuwa nao: yeye ndiye aliyekuwa anadai, na deni akalifuta mbele yetu. Mjomba alikuwepo, amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango. Nilimtazama. Kama kesi imekwisha siku ya kufa, na hakuna kinachoweza kuongezwa wala kupunguzwa, basi mama huyu alikuwa amepanda daladala mbili bure. Sikumwambia hivyo, msibani si mahali pa kushindana. Lakini niliona anamsindikiza mwenyewe hadi barabarani, na alikawia kurudi.

Sidai kwamba nimemaliza hoja. Toharani ikoje, moto gani, muda gani, mimi sijui na siwaamini sana wanaojua. Ninachoshikilia ni kidogo zaidi: kwamba mtu akifa bado yapo mambo kati yake na watu wengine ambayo hayajafungwa, na kwamba Mungu, ambaye kwake Bibi na Mama na wale abiria wote wako hai, haoni ajabu tukimletea.

Mwaka ulipotimia nilikwenda ofisi ya parokia kuandikisha misa. Karani, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni, akaandika jina kamili la Bibi kwenye daftari, akauliza nia: ni ya shukrani au ya kumwombea? Nikasema zote mbili. Akanionyesha mstari wa daftari ulivyo mwembamba. Nia moja, mstari mmoja, sadaka moja. Nikamwambia basi aandike mistari miwili. Nikatoa sadaka mbili, na kwa kuwa nilikuwa nimeshafungua pochi, nikaongeza ya tatu, marehemu wa Igoma. Aliuliza majina, nikamwambia aandike hivyo hivyo.

Jioni nikampigia Mjomba nimsimulie. Alicheka hadi akakohoa, akasema Wakatoliki ni watu wa hesabu sana. Kisha akauliza misa yenyewe ni saa ngapi.